Peremende Moja kwa Kila Neno

Jumatatu, 6 Aprili

Dokta Hesti katoa kazi ya mwisho wa muhula. Kila mmoja wetu achukue mtoto mmoja wa chekechea, amfuatilie wiki mbili, aandike anavyokua na anavyojifunza. Halafu yeye mwenyewe atakuja darasani kuangalia na kuhoji. Somo: Saikolojia ya Ukuaji na Ujifunzaji.

Somo hili nimelifeli mara mbili. Ukianguka mara ya tatu chuo kinakufuta. Bila cheti, Bu Mulyati, mwalimu mkuu wetu, hawezi kunipa ajira ya kudumu. Amesema bila kumung'unya maneno: kufikia Juni, kama sina cheti, darasa langu linakwenda kwa Bu Prapti, mwalimu mwenzangu.

Miaka kumi na moja nipo katika darasa hili. Mwanamume pekee katika chekechea nzima. Paa likivuja, nani hupanda? Wardoyo. Nyoka akiingia chooni? Wardoyo. Bu Prapti ana kalamu za rangi nne, basi.

Tena Bu Prapti huyohuyo nasoma naye chuo kila Jumamosi. Hukaa mbele. Huuliza maswali wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba.

Kitabu kina kurasa mia nne na kumi na mbili. Nimefika ukurasa wa kumi na tisa. Lakini nina mpango. Nitamchukua Tiyas. Ana miaka mitano, anasoma vibao vya barabarani na kumkosoa muuza mboga hesabu. Mtoto kama huyo anajikuza mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika tu.

Jumanne, 7 Aprili

Bu Prapti kamchukua Tiyas. Alimwandikisha jana, kabla sijamaliza chai. Tiyas ni wa darasa langu! Bu Mulyati anasema sheria haikatazi.

Mimi nimepewa Kinanti.

Ilikuwa hivi. Asubuhi bibi yake, Mbah Ngatinah, alikuja ofisini. Yeye husuka vifuko vya majani machanga ya mnazi, vile vya kupikia wali uitwao kupat, na kuwauzia wenye vibanda. Mama wa Kinanti alikwenda Hong Kong mwezi wa kwanza kufanya kazi za ndani. Tangu siku hiyo mtoto hajatamka neno hapa shuleni, hata la kuomba kwenda chooni. Nyumbani husema na kuku, tena kwa kunong'ona. Sasa majirani wanamshauri Mbah ampeleke Semarang, kwenye shule ya bweni ya watoto wasiosikia. Mbah anajua mjukuu wake anasikia. Lakini amechoka kuwa peke yake mwenye kujua.

Bu Mulyati alimwomba asubiri wiki mbili, mpaka sherehe ya Kartini, yule mtetezi wa elimu ya wasichana, tarehe ishirini na moja. Kisha akageuza macho, akaniangalia mimi.

Hapa naandika ukweli, maana hakuna asomaye. Kwanza nilijihurumia mwenyewe. Mtihani wa mahojiano, na mtoto asiyesema! Halafu nikaiona mikono ya Mbah. Vidole vimeingia rangi ya kijani hadi kwenye kucha, vimeshika mfuko wa plastiki wenye sandali za mtoto. Nikajisikia nasema ndiyo kabla sijaamua.

Jumatano, 8 Aprili

Nilifungua kitabu popote palipofunguka. Sura ya tuzo. Kitendo kikituzwa, hurudiwa. Nikakifunga. Hilo latosha.

Nimenunua mfuko mzima wa peremende za ukwaju. Mpango: Kinanti akisema neno moja, peremende moja. Nikamtangazia mbele ya darasa zima, nikidhani heshima hiyo itamfurahisha.

Aliitazama peremende. Akanitazama mimi. Akatikisa kichwa.

Nikampa moja kwa kutikisa kichwa. Lazima mtu aanzie mahali.

Alhamisi, 9 Aprili

Darasa zima limenyamaza.

Niliita majina: kimya. Watoto ishirini na wawili wamekunja mikono, wananitazama. Nikaanzisha wimbo wa asubuhi. Niliimba peke yangu beti zote tatu, pamoja na sehemu ya kupiga makofi.

Hatimaye Tiyas alinyoosha mkono. Alisema wamekaa wakaliangalia jambo hili. Kinanti hasemi, anapewa peremende. Wao husema kutwa, hawapewi kitu. Kwa hiyo wameacha. Salamu itakuwa peremende moja, wimbo mbili.

Hapo Bu Mulyati akapita dirishani. Akasimama. Watoto ishirini na wawili, hakuna hata anayejikuna. Akafumba mikono kifuani kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Akaenda kumwita Bu Prapti aje ashuhudie nidhamu.

Bu Prapti alisimama mlangoni mdomo wazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni mbinu gani hiyo. Nikamjibu kwamba inahitaji miaka.

Robo saa tamu kuliko zote mwaka huu. Kisha nikalipa. Saa nne mfuko ulikuwa mtupu.

Ijumaa, 10 Aprili

Peremende zimekwisha, kelele zimerudi pamoja na za jana zilizokuwa zimewekwa akiba. Kina mama wawili wamelalamika kuhusu meno. Bu Mulyati kapiga marufuku peremende. Sasa anajua ile nidhamu ilitoka wapi.

Jioni mke wangu, Lastri, alikuwa anafua. Akaja na shati langu, akaniuliza kwa nini mfuko wa kifuani una peremende sita zilizoyeyuka. Sikujua. Baadaye nikakumbuka. Saa nne na nusu, wakati wa kutoka, Kinanti alikuwa amesimama karibu nami kwenye benchi, kimya, akishikashika shati. Nilidhani anataka kubebwa. Kumbe alikuwa ananirudishia.

Zote sita nilizompa tangu Jumatano. Hakula hata moja.

Jumamosi, 11 Aprili

Chuoni. Dokta Hesti alifundisha hatua za ukuaji wa fikra. Katika hatua ya pili, mtoto huamua kwa jicho. Mmiminie maji kutoka bilauri pana kwenda bilauri ndefu nyembamba, mbele ya macho yake, naye atakwambia yameongezeka. Mpaka afike miaka saba hivi ndipo aelewe kwamba maji ni yaleyale. Nilicheka kuliko wote. Watoto, jamani.

Njiani nikapita dukani kununua mafuta ya kupikia. Chupa mbili, bei moja. Nikachagua ile ndefu, nikampa muuzaji tabasamu la mtu asiyedanganyika.

Lastri aliiweka mezani kando ya chupa fupi aliyoinunua juzi. Akaniambia nisome vibandiko. Lita moja. Lita moja.

Nikasema ni hila za wenye viwanda. Akasema, taratibu kabisa, “Mas, wewe bado uko hatua ya pili.”

Ndipo nikajua kwamba kitabu changu anakisoma yeye. Yuko ukurasa wa mia mbili na kumi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekubali msaada wa Lastri. Si msaada, muhtasari. Anasema kuna sura ya uigaji: watoto hawafuati unayowaambia, hufuata wanayoona ukifanya. Safi sana. Kinanti hasemi kwa sababu hajaona mtu akisema vya kutosha.

Basi leo nimesema na kila kitu. Nikausalimu mlango. Nikaushukuru ufagio. Nikaiuliza saa ya ukutani imelalaje. Kwa sauti ya kupanda na kushuka, huku namtazama Kinanti kwa pembe ya jicho.

Saa mbili na nusu darasa zima lilikuwa linazungumza na samani. Wawili walikuwa wamegombana na kiti. Kinanti alikuwa anachora kuku.

Bu Mulyati aliniita pembeni, akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Jumanne, 14 Aprili

Bu Prapti kaandika kurasa thelathini na moja juu ya Tiyas. Kanionyesha. Kisha akasema, kama mtu anipendaye, kwamba Kinanti labda hahitaji kusukumwa, na kwamba angeweza kunisaidia. Nilimjibu kwamba darasa langu halina upungufu wa watu wa kusaidia. Akaondoka na kalamu zake. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. Vyema.

Mapumziko. Nilimkuta Tiyas amesimama mbele ya wenzake. Akapandisha sketi kiunoni kwa mikono miwili, akaangalia saa, akashusha pumzi ndefu, akasema, “Mbona saa nne na nusu haifiki jamani.”

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakafanya wote, mmoja mmoja.

Nilihitaji muda kidogo kumtambua aliyekuwa anaigizwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mbah Ngatinah alikuja kumchukua Kinanti mapema. Alisimama chini ya upenu akikunja mwavuli, akauliza kama kuna lolote. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wenye sehemu tatu. Haukutoka. Nikasema bado.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia ameshanunua sanduku dogo la nguo, jekundu, kwa sababu Kinanti anapenda nyekundu. Ameliweka juu ya kabati asilione. Lakini mtoto ameliona. Jana alilishusha mwenyewe, akaweka ndani jozi moja ya soksi, akalirudisha.

“Usijilaumu, Pak,” akasema. “Hata mimi nyumbani sijui tena pa kuanzia kusema.”

Wakaondoka chini ya mwavuli mmoja. Nilibaki pale upenuni mpaka Bu Mulyati akaja kufunga ofisi.

Ijumaa, 17 Aprili

Mpango mpya. Si wa kujivunia, lakini ni mpango.

Jumanne Dokta Hesti atakaa nyuma ya darasa. Macho yake si mazuri, nimemwona akitafuta miwani akiwa ameivaa. Kinanti atakaa mbele, mgongo wake kwake. Nyuma ya kabati la vitabu atakuwepo Tiyas. Mimi nauliza, Kinanti anatingisha kichwa, Tiyas anajibu. Dokta Hesti anasikia sauti ya mtoto, anaandika maksi, Bu Mulyati anasikia habari, Mbah anatupa sanduku. Kila mtu anapona.

Tiyas alisikiliza masharti yote. Anataka kuvaa taji refu kuliko yote kwenye sherehe. Nimempa.

Tukafanya mazoezi. Nikauliza, “Kinanti, unapenda mnyama gani?” Kabati likajibu, “Kuku, Pak.”

Kinanti alitutazama kama mtu anayewatazama wengine wakijaribu viatu vyake. Nikasema mazoezi yametosha.

Jumatatu, 20 Aprili

Kesho.

Bu Mulyati kaagiza kila mlango upambwe kwa vifuko vya kupat. Majani yameletwa. Nimejaribu mchana kutwa, nimetoa kitu kama kiota kilichokanyagwa. Mlango wa Bu Prapti una kumi na viwili, vyote sawasawa. Nitamalizia asubuhi.

Lastri aliniuliza kama nimejiandaa. Nikasema nimejiandaa kikamilifu. Akaniuliza kwa nini basi naomba dua za msafiri.

Jumanne, 21 Aprili

Naandika jioni.

Watoto walikuja wamevaa kijadi, wasichana na vitenge vya batiki vinavyowabana miguu, wanatembea kama bata. Tiyas na taji lake. Kinanti katika blauzi nyekundu. Dokta Hesti akafika saa mbili, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu. Akafungua daftari. Tiyas akajipenyeza nyuma ya kabati. Taji lilionekana juu, lakini nikajipa moyo.

Nikakohoa. Nikafungua mdomo kuuliza habari za wanyama.

Mlango ukafunguliwa. Bu Prapti, na samahani nyingi. Zamu yake inafuata, anamhitaji Tiyas ajiandae. Akatazama huku na huku, akalifuata taji hadi nyuma ya kabati. Akamuuliza unafanya nini huku. Tiyas akajibu kwamba yuko kazini.

Wakatoka. Sauti yangu yote ikatoka nao mlangoni.

Dokta Hesti akaniangalia juu ya miwani, akasema niendelee. Kuendelea na nini? Watoto ishirini na mmoja wananingoja. Juu ya meza nikayaona majani. Nikayashika kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Nikasema leo tutapamba mlango wetu.

Jani la kwanza likachanika. Watoto wakacheka. La pili likanizunguka kidole gumba hadi kikawa cheupe. La tatu nikalifikisha mbali kidogo, kisha likafumuka lote. Jasho likaniingia jichoni. Mwalimu wa miaka kumi na moja, anashindwa na jani.

Halafu kuna mtu akanitoa jani mkononi.

Alilifumua lote. Akanivingirishia upande mmoja kwenye mkono wa kushoto, mara tatu, na upande wa pili kwenye mkono wa kulia. Akanivuta kidole kuonyesha njia. Akafanya mara moja, polepole, nione. Akafumua. Akanirudishia.

Nikakosea. Akangoja. Nikakosea tena, palepale.

“Sio hapo, Pak. Chini kwanza. Halafu juu.”

Sauti nene kidogo, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Mimi nilikuwa nimezama ndani ya lile jani hata sikuinua kichwa.

“Hapa?”

“Hapo.”

“Na huu mkia?”

“Huo uache. Hujafika huko bado.”

Ndipo nikasikia jinsi darasa lilivyotulia. Nikatazama vidole vilivyokuwa vinashika vyangu. Vidogo, vina kijani kwenye kucha. Sikuthubutu kuvuta pumzi. Sikumpongeza. Sikusema kitu chochote cha kialimu. Nilikuwa naogopa, basi, nikauliza tu, “Sasa?”

“Sasa vuta. Taratibu.”

Nikavuta. Kikakaza. Kifuko cha kupat, kimepinda, lakini kifuko. Kinanti akakitazama pande zote, akasema Mbah asingekiuza, ila mlangoni kinafaa. Kisha wenzake wakamvamia, kila mmoja anataka kufundishwa, naye akawa anapita mikono hadi mikono akisema chini, juu, chini, sio hapo.

Dokta Hesti alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akifuta miwani.

Baadaye akanihoji kwenye veranda. Akauliza nilifanya nini. Nilikuwa na majibu mawili ya kupendeza, yote ya uongo. Yakanikimbia. Nikasema, “Sijui kusuka kupat, Bu.”

Akaniambia hilo ni jibu langu la kwanza la kweli katika mihula mitatu. Akasema mtu hujifunza akipata aliyemtangulia hatua moja, anayemshika mkono pale anapokwama na kumwachia pale anapoweza. Leo aliyetangulia alikuwa na miaka mitano. Tena, akasema, mtoto aliyepoteza kila kitu bila kuulizwa alikuwa anahitaji mahali ambapo yeye ndiye ajuaye. Akaniuliza kama nilijua itakuwa hivyo.

Nikasema nilikuwa nahisi.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Nimefaulu. Si kwa maksi za kutangaza, lakini nimefaulu!

Saa nne na nusu Mbah Ngatinah alikuwa langoni. Kinanti akamkimbilia jinsi batiki ilivyomruhusu, akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba Pak Wardoyo hajui chini wala juu. Mbah akakaa palepale kwenye kizingiti cha lango. Akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hatukujua ni kicheko au kilio mpaka alipoufunua uso, yakawa yote mawili.

Jumatano, 22 Aprili

Nimelala kama gogo. Bu Mulyati kasema barua yangu ya ajira itaandikwa Juni. Darasa ni langu.

Mbah alipita asubuhi. Jana jioni walipiga simu Hong Kong. Kinanti alizungumza na mama yake dakika arobaini, nyingi zikiwa za kuku. Mama hakuweza kujibu, alikuwa analia tu, basi mtoto akaendelea kumweleza kuku mmoja mmoja kwa jina. Semarang hakuna anayeitaja. Sanduku jekundu sasa linawekwa majani.

Bu Prapti alikuja kunipongeza. Kwa dhati, nadhani. Akasema hakuwahi kulitaka darasa langu. Paa lake linavuja na yeye anaogopa ngazi. Zaidi ya hayo, ndiye aliyemwomba Bu Mulyati anipe mimi Kinanti, kwa sababu aliona mtoto huyo hukaa karibu na benchi langu kila mapumziko.

Nikamshukuru. Simwamini hata kidogo. Anapanga jambo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimetafakari siku mbili, na sasa naona wazi. Mambo yote yalikwenda kama nilivyopanga. Kutojua kusuka kulikuwa mbinu, ila ilikuwa ndani mno, hata mimi sikuiona. Nimemwambia Bu Mulyati kwamba niko tayari kuwafundisha walimu wa wilaya nzima. Kasema atanijulisha. Nimeanza kuandika hotuba.

Lastri amemaliza kitabu. Anataka kujiandikisha chuo. Nimemtahadharisha kwamba saikolojia si ya kila mtu.

Mama mkwe anafika Jumapili, anakaa mwezi mzima. Hupenda kutoa maoni wakati wa chakula. Lakini kuna sura ya mwishomwisho, ya mbwa anayetokwa mate akisikia kengele. Mambo ya kuzoesha. Nimesoma ukurasa wake wa kwanza, umenitosha.

Kengele nimeshanunua.